Mfanyakazi Aliyeacha Kazi

Siakago,
9 Machi 2025

Mjukuu wangu Igoki,

Kabla ya salamu nitasema jambo moja, kwa sababu nikianza na salamu nitaishia kwenye salamu, kama katika barua zote nilizowahi kukuandikia. Nimewaficha kwa miaka karibu sabini kwamba nilikuwa karani wa kambi. Ile miaka mitatu ya Hali ya Hatari ya wakoloni, ambayo ninyi nyote mnajua nilikuwa Nyeri nikisomea ualimu, sikuwa Nyeri. Nilikuwa katika ile kambi ya kule tambarare, ofisini karibu na lango, nikiwa na meza, mashine ya kupiga chapa na ufunguo wa kabati la vitabu. Ualimu niliusomea baadaye.

Sasa, hujambo? Baba yako Muchangi hajambo huko Muthara? Huku mvua imechelewa, na Wanjira binti yangu amepanda ndengu kwenye vumbi kwa ubishi wake. Miguu yangu imevimba. Daktari anasema moyo umechoka kusukuma. Nina miaka tisini, una haki ya kuchoka.

Krismasi uliniuliza, ukipaza sauti sikioni mwangu, ni neno gani la Kiingereza linalofaa kuchongwa kwenye ule ukuta wa ukumbusho, juu ya majina ya watu waliofungiwa wakati ule. Nilijifanya sikusikia. Nilisikia vizuri.

Jibu langu ni hili. "Prisoner" ni mtu aliyesimama mbele ya hakimu, akahukumiwa, akapewa miezi yake. Anajua siku ya kutoka. "Detainee" hakushtakiwa kwa lolote. Amewekwa tu, na siku yake ya kutoka iko mfukoni mwa mtu mwingine. "Inmate" ni yeyote anayelala ndani, hata mgonjwa. Neno hilo halisemi ni nani aliyefunga mlango, ndiyo maana wakubwa walilipenda. Andikeni "detainee".

Usinijibu kwa Kiingereza. Nimekifundisha miaka thelathini na moja, lakini kukiandika sitaki tena. Na Kimbeere chetu hukijui kukisoma, kwa kuwa ulilelewa Meru kwa kina mama yako. Basi tukutane kwa Kiswahili.

Guka wako,
Z. Ndambiri


Kinoru, Meru,
2 Aprili 2025

Guka mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima. Sisi tuko salama. Mama anaumwa na goti lakini haachi kupanda ngazi za kanisa. Kaka yangu Mutugi amehamishwa kazi. Baba yuko Muthara na miraa yake, anakusalimia, ingawa unajua salamu zake ni fupi.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Ya kambi nitayafikia, naanza na neno. Kamati ya ukuta ilikutana Jumamosi, na mimi kama mwandishi wao niliwasomea maelezo yako bila kusema yametoka kwa nani. Mzee Gachoki, aliyekaa ndani miaka minne, alipiga meza kwa fimbo. "Mmesikia? Mwenyekiti alitaka kuniandika 'prisoner'. Niliiba mbuzi wa nani?"

Kisha Mama Marcella akainua mkono. "Na mimi? Mimi nililala kwa nyumba niliyojenga na mikono yangu. Lakini kijiji kilikuwa na handaki na miti iliyochongwa, na filimbi ikilia tunaingia wote. Mtaniandika nani?"

Mwenyekiti akasema, "Mama, tutawatafutia mahali pa 'others', hao wengine."

"Others ni wewe," Marcella akamwambia. Tulicheka mpaka chai ikapoa.

"Detainee" limepita. Lakini kumepitishwa sharti pia, Guka. Jina litachongwa ikiwa karatasi za kambi zinamwita mtu huyo "detainee", au ikiwa mtu aliyekuwa kambini ataapa mbele ya wakili kwamba alimwona ndani. Mawe yanakatwa mwisho wa Novemba.

Unajua ninakoelekea. Babu yangu Njeru, kaka yako, alichukuliwa na askari mwaka wa 1956 baba akiwa na miezi mitatu. Cucu, bibi yangu, aliambiwa na chifu, mwaka uliofuata, kwamba mumewe alikuwa ameachiliwa na akaenda zake. Cucu alikufa akiamini kuna mwanamke mwingine Tanganyika. Pale Siakago, mtu akichelewa kurudi nyumbani, mpaka leo bado wanasema "amekwenda kutafuta chumvi kama babake Muchangi". Baba aliuhama mji kwa sababu ya maneno hayo. Na unajua vizuri kuliko mimi kwamba mtoto wake wa kwanza wa kiume, kwa desturi yetu, alipaswa kuitwa Njeru kama babu yake. Akamwita Mutugi, jina la upande wa mama, na hakuna aliyethubutu kumuuliza.

Kama ulikuwa karani katika ile kambi, Guka, je, ulimwona?

Mjukuu wako,
Igoki


Siakago,
25 Mei 2025

Mjukuu wangu,

Nimekawia kujibu. Mvua ilikuja, ndengu za Wanjira zimemwaibisha kila aliyemcheka, na sasa hazungumzi jambo lingine. Kanisani tumepata mchungaji mpya, kijana anayehubiri kwa kipaza sauti hata sisi viziwi tunamsikia. Nimelazwa siku sita Embu, wakanitoa maji mwilini, nikarudi nikiwa mwepesi.

Mwambie Mama Marcella kwamba swali lake ni zito kuliko ukuta wenyewe. Mtu anayelala kwake lakini hana ruhusa ya kutoka hana neno katika Kiingereza cha ofisini. Sisi tuliandika "villager", mwanakijiji. Neno zuri, lenye moshi wa jikoni. Ukilisoma leo katika karatasi zile utadhani watu walikuwa wakiishi. Kama ni mimi, ningechonga "women held in the fenced villages", yaani wanawake waliozuiliwa katika vijiji vilivyozungushiwa ua, nisiogope urefu.

Kuhusu uliyoniuliza: kambi ile ilikuwa na watu zaidi ya elfu moja. Karani haoni nyuso, anaona orodha. Ni zamani sana.

Msalimie mama yako na goti lake.

Guka wako,
Z. Ndambiri


Kinoru,
14 Juni 2025

Guka,

Nakusalimu. Nyumbani wako salama.

Ndani ya bahasha hii kuna nakala ya ukurasa mmoja. Nimeupata Nairobi, kwenye hifadhi ya nyaraka, baada ya siku mbili za kuvumilia vumbi. Umetoka katika kitabu cha wafanyakazi wa mtaro uliokuwa ukichimbwa na kambi. Kwenye orodha ya "detainees" ya Machi 1957 jina la babu Njeru limepigwa mstari, na pembeni imeandikwa ahamishiwe kwenye kitabu hicho kingine. Kwenye kitabu kingine kuna mstari mmoja tu: Njeru wa Njura, "labourer", aliacha kazi bila taarifa, tarehe 14 Machi 1957.

Mfanyakazi, aliacha kazi. Kwa kuwa huo ndio mstari wa mwisho kumhusu, hawezi kuingia ukutani. Mwenyekiti ameniambia kwa upole kwamba kibarua aliyeondoka si mtu aliyezuiliwa.

Guka, nimekaa na ukurasa huo kando ya barua zako. Ninazo kumi na saba, tangu nikiwa darasa la sita uliponituza kalamu. Unaandika herufi ya J ikiwa na mkia unaorudi nyuma na kukatwa kidogo. Kwenye "Njeru" iko hivyo. Kwenye "Njura" iko hivyo.

Ni mwandiko wako?

Baba sijamwonyesha. Naona aibu kuwa na nakala hiyo mkobani nikila naye chakula.

Igoki


Kinoru,
17 Agosti 2025

Guka,

Wanjira aliniambia kwa simu kwamba barua yangu uliipokea, uliisoma ukiwa umeketi nje, na kwamba tangu siku hiyo umekataa kusomewa gazeti. Sikuandika ili nikuumize. Lakini sitaifuta.

Igoki


Siakago,
21 Septemba 2025

Mjukuu wangu Igoki,

Salamu kwako na kwa wote. Wanjira amevuna. Mimi sasa nalala nimeketi, kwa mito mitatu, la sivyo pumzi inakata. Kalamu inatikisika, utanisamehe, ingawa nimeona kwamba mwandiko wangu unautambua hata hivyo.

Ndiyo, ni wangu.

Njeru aliletwa Agosti 1956. Walishuka kwenye lori watu thelathini, wakaketishwa chini, wakaitwa mezani mmoja mmoja. Niliandika jina, jina la baba, lokesheni, na ndugu wa karibu. Mimi vitabuni nilikuwa Zakaria Ndambiri tu, jina la ubatizo na jina langu, bila jina la baba. Nilipoomba kazi nililiacha makusudi, kwa kuwa nilijua kaka yangu alikuwa amekula kiapo cha wapiganaji wa msituni. Hapakuwa na mtu ofisini aliyejua kwamba mimi pia ni mwana wa Njura.

Alipofika mezani nilimuuliza kwa sauti ya ofisini, "Una ndugu?"

Aliniangalia. Shati langu lilikuwa limepigwa pasi. Akasema, "Sina."

Nikaandika kwamba hana. Yeye ndiye aliyenificha, Igoki, si mimi niliyejificha. Angesema neno moja tu, ningevuliwa shati lile na kuketishwa chini pamoja naye.

Miezi saba tulikuwa ndani ya seng'enge moja na sikusema naye. Siku moja nilikuwa mtaroni nikihesabu watu, akapita na karai la udongo kichwani, akaniambia kwa Kimbeere bila kugeuza shingo, "Umekonda, karani. Hawakulishi?" Waliokuwa nyuma yake walicheka. Mimi nilitazama kitabu.

Jumanne tarehe 12 Machi alikataa kuchimba. Alisema mkono wake una jipu. Askari walimpiga pale pale mtaroni, kwa mpini wa jembe, kisha kwa viatu. Walimbeba hadi stoo ya magunia. Kabla ya adhuhuri alikuwa amekufa.

Lazima uelewe vitabu viwili. Kimoja kilikuwa cha "detainees", waliofungiwa. Kingine kilikuwa cha wale waliokwisha kuruhusiwa lakini wakabakizwa kuchimba mtaro kama vibarua. "Detainee" akifa, hakimu lazima aje kutoka Embu, aulize maswali, mwili ufunguliwe. "Labourer" asipoonekana asubuhi, ni mstari mmoja. Kibarua ni mtu huru. Ameacha kazi, ameenda zake.

Bwana wa kambi, Mzungu mmoja mwenye masharubu mekundu, aliniambia nimhamishe kitabu. Nikamhamisha. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na amri ni amri.

Cucu yako alipokuja kuniuliza mwaka wa 1958 kama nilisikia lolote huko Nyeri, nilimwambia sijasikia. Alikuwa amebeba baba yako mgongoni. Nilimpa baba yako ndizi.

Guka wako


Muthara,
12 Oktoba 2025

Guka,

Naandika nikiwa kwa baba. Mama anakusalimia. Mutugi amekuja pia.

Nilimsomea barua yako jana, uani, yeye akichambua miraa. Nilipofika pale pa ndizi aliweka kitita chini, akaingia ndani. Mama aliniambia nisimfuate.

Alipotoka alisema, "Miaka sitini na tisa nimemtukana mtu aliyekuwa amekufa." Kisha akasema, "Kwa hiyo hakutuacha." Alilirudia hilo mara nyingi, Guka, hata leo asubuhi akinawa uso.

Baadaye akaniuliza, "Ndambiri alilazimishwa?"

Nikamwambia umeandika kwamba ilikuwa amri.

"Mwandikie umuulize tena. Kama alilazimishwa, nitapanda gari niende nimsalimie. Alikuwa mtoto, na wale walikuwa na bunduki. Mtu aliyelazimishwa namwelewa. Mwambie nitamletea Mutugi amwone."

Sijamsikia baba akitaja kwenda Siakago tangu nizaliwe.

Wakili ameandaa kiapo chako, nimekiweka ndani. Nimekitafsiri kwa Kiswahili, mistari minane. Unasema ulikuwa karani, kwamba Njeru wa Njura alikuwa "detainee" mpaka siku ya kufa kwake, jinsi alivyokufa, na mstari wa tano unasema, "Niliamriwa na msimamizi wa kambi nimwandike kuwa kibarua aliyeacha kazi." Ukitia sahihi mbele ya wakili, ambaye atakuja mwenyewe Siakago tarehe kumi Novemba, jina litachongwa. Mwenyekiti amenihakikishia.

Baada ya hapo baba atakuja. Tafadhali jipe nguvu mpaka siku hiyo.

Igoki


Siakago,
11 Novemba 2025

Mjukuu wangu Igoki,

Nakusalimu, na ninamsalimu baba yako kwa jina lake, Muchangi wa Njeru. Naandika kidogo kidogo, Wanjira ananishikia ubao. Anajua sasa. Nilimwambia juzi, naye akanifunika miguu.

Wakili alikuja jana. Kiapo nimekitia sahihi, na sahihi ni halali, amenihakikishia. Jina la kaka yangu litaingia ukutani. Nimechora ramani pia nyuma ya karatasi: kutoka kwenye lango la pili la mtaro, hatua arobaini kuelekea kilima, pale penye miamba miwili iliyoegemeana. Leo ni shamba la mtu la muguka, miraa ya huku kwetu. Tulimzika saa tisa mchana, askari wawili na mimi. Mwombeni mwenye shamba kwa adabu, hana kosa.

Lakini utaona kwamba mstari wa tano nimeukata kwa kalamu, na wakili ameweka sahihi yake pembeni kuthibitisha kwamba nimeukata mimi.

Nilikaa na ahadi ya baba yako mwezi mzima. Nilijiona nimeketi hapa uani, yeye akishuka, na Mutugi nyuma yake. Nimeitamani siku hiyo kuliko nilivyotamani kitu chochote tangu mke wangu afe. Mara mbili nilimwambia Wanjira atafute mbuzi wa kuchinja. Ilikuwa rahisi: nilishakuandikia kwamba niliamriwa, nilishawaambia hivyo wanangu moyoni kwa miaka yote, na hakuna aliyebaki hai wa kunibishia. Ningeweza kufa nikiwa nimesalimiwa.

Ila angekuwa anamsalimia mtu mwingine.

Siku ile, baada ya Njeru kukata roho, bwana wa kambi aliingia ofisini akaketi. Alikuwa mkatili, lakini aliogopa sheria. Alichukua fomu ya ripoti ya kifo na kuanza kuijaza yeye mwenyewe, kwa mkono wake. Palipoulizwa marehemu alikuwa nani kambini, aliandika "detainee". Niliisoma kutoka nilipokuwa nimesimama. Kisha akainua simu ili aunganishwe na Embu, kwa hakimu. Alikuwa anaita hakimu, Igoki.

Mimi nilijua hakimu angekuja na kuuliza ndugu wa karibu. Angetaka wazee wa kwetu waitwe kuutambua mwili, na wazee wangeingia ofisini na kunikuta pale. Wangenisalimu kwa jina la baba yangu.

Kwa hiyo mwambie Muchangi asije, au aje akijua. Hakuna aliyeniamuru. Hakuna aliyeniuliza. Simu ilikuwa bado haijaunganishwa nilipomsogelea yule Mzungu na kumwambia, kwa Kiingereza nilichokuwa nikijivunia, kwamba mtu huyu angeweza kuandikwa "labourer", na kwamba kibarua huweza kuacha kazi. Alinitazama, akarudisha simu mahali pake, akaichana fomu yake. Neno lile nilimpa mimi, mwili wa kaka yangu ukiwa bado una joto kwenye stoo ya magunia.

Ndambiri wa Njura